Pumzi Isiyofika Chini

Fundi baiskeli yule, ambaye watu walimwita Grisi hata wakasahau jina alilopewa na wazazi, alikuwa na tabia ya kusikiliza kabla ya kutazama. Mteja akimletea baiskeli hakuulizwa ina nini. Grisi aliinua gurudumu, akalizungusha, akafumba macho. Mwenye haraka akianza kueleza alinyamazishwa kwa kidole: mgonjwa mwenyewe atasema.

Ndiyo maana jioni ile binti yake alipoingia uani akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, Grisi hakuliona kwanza vumbi lililomjaa mpaka kwenye kope, wala midomo iliyokauka ikapasuka. Alisikia kifua.

Binti alikuwa ametoka na alfajiri pamoja na timu ya kiwanda cha magodoro, safari ndefu ya mwisho kabla ya mashindano: kwenda mji wa jirani na kurudi, vilima vitupu, jua utosini. Kwenye timu walimwita Kiberiti, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakuchelewa kuwaka. Baba yake alimwita mama, kwani alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Siku nyingine akirudi mazoezini kelele zake zilitangulia tangu konani, anauliza chakula kabla ya kusalimu. Leo aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaribu kuvuta pumzi. Pumzi ikashuka, ikashuka, ikagota, kama ndoo ya kisima inayopiga mwamba kabla haijayagusa maji.

"Mama, nini?"

"Uchovu tu, baba."

Akakohoa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejaribu kukificha.

Shangazi mtu, dada yake Grisi aliyehamia pale tangu nyumba ile ilipofiwa, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama binti juu mpaka chini, akamuuliza kama alikwenda kuendesha baiskeli au kuimeza barabara. Binti alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti. Hapo mwiko ukashuka.

Baba na shangazi walipombana kwa maswali, akasema. Pumzi haifiki chini. Akiivuta mpaka mwisho, kule mwishoni panasikika kitu, kama mtu anakunjakunja mfuko wa nailoni ndani ya kifua chake. Mdomoni ana ladha ya shaba, kama mtoto aliyelamba sarafu. Ilianza kwenye kilima cha mwisho cha kurudi. Wenzake nao walikohoa kidogo kwa vumbi, lakini walipokaa kivulini kikohozi chao kiliwatoka. Chake kilimfuata nyumbani kama mbwa wa njaa.

Grisi akaenda nyuma yake, akapiga goti, akaweka sikio mgongoni mwa binti yake kama alivyozoea kuliweka kwenye fremu. Akasikia. Chumvi ikimwagwa motoni: pa, pa, pa, chini kabisa, mwisho wa kila pumzi.

Sauti ile alikuwa ameisikia mara moja tu maishani.

Mke wake alipougua kifua, Grisi alimpeleka hospitali ya wilaya, ile yenye geti la kijani nyuma ya ofisi za serikali. Muuguzi akasema mama huyu anahitaji hewa. Mtungi wa hewa ulikuwapo, umo stoo. Stoo ilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mganga mkuu, na mganga mkuu alikuwa mkutanoni. Grisi akaambiwa akae kwenye benchi asubiri. Akakaa. Hilo ndilo lililomla moyo kuliko yote, kwamba alikaa kama alivyoambiwa, kofia mapajani, magoti pamoja, mtu mwenye adabu. Ufunguo ulipofika haukuwa na kazi tena.

Tangu siku hiyo aliapa hatalipita lile geti la kijani, awe mzima awe maiti. Na tangu siku hiyo hapakuwa na baya lililotokea duniani ambalo nyuma yake hapakuwa na mkubwa. Maji yakikatika, mkubwa. Barabara ikibomoka, mkubwa. Hata paka wa jirani alipoiba samaki, Grisi alisema paka amejifunza kwa viongozi.

Shangazi akasema hospitali. Akalisema lile neno taratibu, kama mtu anayeweka sufuria ya moto mezani.

Binti akaruka kabla ya baba. Hospitali hapana. Kesho ndiyo mashindano, na meneja wa kiwanda alikwishatangaza: watakaopeperusha bendera ya kiwanda na kumaliza, wataandikwa ajira ya kudumu. Yeye alikuwa kibarua wa kushona foronya za magodoro, wa kuamka kila asubuhi na kusimama getini kuona kama ataitwa ndani au atarudishwa. Akionekana hospitali leo, kocha atasikia. Kocha akisikia, nafasi yake itapewa mwingine. Atalala, atakunywa maji ya moto, kesho atakuwa mzima.

Grisi naye akasema hospitali hapana. Hakutoa sababu. Hakuna aliyemuuliza.

Shangazi akawaangalia wote wawili. "Mmoja haendi kwa ajili ya jana, mwingine haendi kwa ajili ya kesho," akasema. "Na leo ni ya nani humu ndani?"

Grisi alikuwa tayari amevaa viatu. Kama kuna mtu aliyemfanya mtoto wake awe vile, mtu huyo alikuwa na jina na cheo, na alijua pa kumkuta.

Kocha wa timu aliitwa Filimbi, kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata akila. Grisi alimkuta kwenye uwanja wa kiwanda akifunga baiskeli juu ya gari dogo la mizigo. Hakumsalimu. Alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mlinzi kwamba wakubwa wote ni baba mmoja mama mmoja: wanakaa kwenye gari, wanapuliza filimbi, na watoto wa watu wanakohoa mapafu yao barabarani ili bendera ya tajiri ipepee. Akamwambia mengine ambayo si mazuri kuandikwa. Wanamichezo waliokuwa wakifuta minyororo wakaacha kufuta.

Filimbi akamaliza fundo la kamba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa aina ambayo upole wake unaudhi mtu mwenye hasira.

"Mzee, mimi nilimsimamisha," akasema. "Mara mbili. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa linakataa. Wenzake wakiteremka kilima wanapumzika, yeye anakanyaga pedali. Anakanyaga mteremkoni, mzee! Nikamwambia shuka, fundi wetu aliguse. Akakataa."

"Akakataa kwa nini?"

"Akasema nati ile imefungwa na baba na mama, haiguswi."



Mambo yalikuwa hivi. Mke wake alipofariki aliacha kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kimetumika kidogo tu. Grisi hakuwa na moyo wa kukitupa, na akakipatia kazi. Kila alipomaliza kukaza nati kwenye baiskeli ya binti yake alidondoshea tone, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma. Tone likikauka, mtu akiigeuza nati hata unywele, wekundu unapasuka. Ulikuwa muhuri wake dhidi ya mafundi wa kiwandani, ambao aliwaamini kama panya anavyouamini mtego. Mwishoni ukawa zaidi ya muhuri. Binti alipokuwa akitoka asubuhi alipitisha kidole juu ya matone yale, moja moja, bila kusema kitu, kama mtu anayeaga.

Grisi akarudi nyumbani mbio, na mbioni akapata faraja yake ya zamani: wamelifungua. Fundi wao kalifungua gurudumu kwa siri, kalikaza vibaya, sasa wanamsingizia mtoto. Atakuta tone limepasuka. Akilikuta limepasuka, atarudi pale kiwandani, na safari hiyo hatarudi na maneno.

Aliinama kwenye gurudumu la nyuma jua likiwa linazama, bado mwanga ukitosha. Akapitisha kidole. Tone lilikuwa zima, laini, linang'aa kama lilivyotoka kwenye kile kichupa.

Akainua gurudumu, akalizungusha. Hakuhitaji kufumba macho. Gurudumu lilikwenda nusu mzunguko na kusimama, kama punda aliyeona nyoka. Koni za ekseli zilikuwa zimebana gololi mpaka hazina pa kupumulia.

Akakumbuka. Jana jioni alikuwa anakaza gurudumu hilihili, na redio ilikuwa juu ya dirisha. Mkubwa mmoja alikuwa akihutubia, anaahidi dawa, anaahidi mitungi, anaahidi vitanda. Grisi alikuwa akimjibu. Kwa kila ahadi alitoa tusi, na kwa kila tusi spana ilikwenda mbele kidogo. Mtu anayesikiliza kabla ya kutazama, jana alisikiliza redio. Halafu akafungua kichupa cha marehemu, akagonga muhuri.

Na mtoto wake akasukuma kosa lile kutwa nzima, vilima na miteremko, akihema kama mivukuto, kuliko kuvunja wekundu wa mama yake.

"Kaka!" Shangazi alikuwa mlangoni. "Njoo. Njoo sasa hivi."

Shangazi alikuwa amemlaza, na kulala ndiko kulikomharibu. Alipoweka kichwa chini kifua kilianza kuchemka kama birika, akainuka kukaa, mikono ameikita kwenye godoro, mabega yanapanda na kushuka. Kwenye kanga aliyopewa akoholee palikuwa na povu, na povu lile lilikuwa na rangi ya waridi. Macho yake yalimtafuta baba yake, na hayakuzungumza habari za mashindano tena.

Grisi hakukumbuka baadaye kama alikivunja kiapo chake au kilimwanguka chenyewe. Alitoa baiskeli yake ya kazi, lile dubwana la chuma la kubebea mizigo, akamkalisha binti kwenye keria ya nyuma, Shangazi akamfunga kwa kanga kiunoni mwa baba yake kama mtoto wa mgongoni, ila huyu uso wake ulikuwa umelala kwenye uti wa mgongo wa mwenye kumbeba. Mfuko wa spana ulikuwa unaning'inia kwenye usukani kama siku zote. Hakuutoa, hakuwa na muda wa kuutoa.

Alikanyaga. Kila pumzi ya binti aliihisi kwanza mgongoni kama joto, kisha akaisikia. Ile ya kwenda ilikuwa fupi, ile ya kurudi ilikuwa na maji ndani yake. Kwenye makutano taa zilimwambia simama, hakusimama. Shangazi alikuwa nyuma kwa miguu, kandambili mkononi, anamwita Mungu kwa jina na kaka yake kwa majina mengine. Kuna mahali joto lile mgongoni lilichelewa kuja. Grisi alikanyaga akilisubiri. Lilipokuja alijikuta analia.

Geti la kijani lilikuwa limerudishwa. Mlinzi akanyanyua mkono kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Gurudumu la mbele likalisukuma geti, na mlinzi, ambaye alikuwa na watoto, akamalizia kulifungua.

Muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimtia binti kwenye kitanda akiwa amekaa, akamwekea mito mgongoni, akasikiliza kifua, akambana kidole kwa kile kifaa kidogo cha taa cha kupimia hewa ya damuni. Alipoiona namba hakuisema. Alimtuma mwenzake akamwamshe daktari kijana aliyekuwa anapumzika chumba cha pili. Kisha akamgeukia Grisi akasema kwamba mtoto anahitaji hewa, haraka.

"Leteni," akasema Grisi.

Muuguzi akatazama mwisho wa ukumbi. Grisi akatazama alikotazama. Mlango uleule. Kufuli lilelile, au mdogo wake.

"Mtungi wa wodini umekwisha tangu mchana," akasema yule mama. "Uliojaa umo mle. Ufunguo anao mganga mkuu. Yuko semina, atarudi asubuhi. Nampigia simu, hapokei." Akashusha sauti zaidi. "Kaa pale kwenye benchi, baba. Nampigia tena."

Na magoti ya Grisi yakaanza kukunjika. Yenyewe, bila kuulizwa, kama yalivyokunjika ile siku nyingine. Ubao wa benchi ulikuwa umeng'aa kwa makalio ya waliosubiri. Alikuwa karibu kuugusa aliposikia, kutoka kitandani, pumzi ikishuka na kugota.

Akanyooka.

Aliuleta mfuko kutoka kwenye usukani. Alikwenda mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani aliutazama mlango ule kama fundi, si kama mfiwa. Kufuli lilikuwa zito, la kutisha wezi. Lakini lilikuwa limening'inia kwenye komeo la bati, na komeo lilikuwa limeshikwa na nati mbili, na aliyezifunga, Mungu amlaze panapomfaa, alikuwa ameziweka upande wa nje. Muda wote ule. Nati mbili, upande wa nje, mbele ya benchi.

Akachomoa spana.

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yake, simu sikioni. Wakatazamana. "Baba," akasema, "mimi nakwenda kuleta shuka. Shuka ziko mbali kidogo." Akaondoka, viatu vyake vikipiga sakafu kwa makusudi.

Nati zilikuwa na kutu. Ya kwanza ililia, ikakubali. Ya pili ikagoma. Grisi akaiegemea kwa uzito wake wote, kwa uzito wa miaka yake yote, kisha akajua akiivunja pembe hapana tena njia. Basi akalegeza. Akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza mbele kidogo, nyuma, mbele, akikibembeleza chuma kama anayembembeleza mtoto ameze dawa, na huku masikio yake yakiwa kitandani. Ikatoka.

Daktari kijana alipoingia ukumbini akifunga vifungo, mtungi ulikuwa unabingirishwa kwenye ukingo wake na mzee mwenye mikono myeusi. Hakuuliza ulipotoka. Akafunga mpira, akafungua koki, akamvika binti kile kikombe cha usoni.

Muda ulipita ambao Grisi hakuupima. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akisikiliza. Chumvi iliendelea kupasuka motoni. Halafu ikawa inapasuka moja moja. Halafu binti akavuta pumzi moja ndefu, ikashuka, ikapita pale ilipokuwa ikigotea, ikaendelea kushuka, na Shangazi, aliyekuwa ameketi sakafuni na kandambili zake mapajani, akafunika uso.

Daktari akaeleza kwa maneno ya kawaida. Mtu akijikamua kupita kiasi kwa muda mrefu, moyo unasukuma damu kwa nguvu mno, na maji yanaweza kuvuja yakaingia palipo pa hewa. Yatakauka. Akitulia, atapona. Ila baiskeli kesho, hata wiki zijazo, asahau. Akauliza, kama kwa kupitisha muda, binti alikuwa anasukuma nini, treni?

Akaondoka. Binti akakisogeza kile kikombe pembeni.

"Baba, gurudumu lilikuwa na nini?"

Palikuwa na majibu mengi. Kocha alikuwapo, na meneja, na mtu wa redio na ahadi zake, na mganga mkuu na semina yake. Wote walikuwa wamejipanga ulimini mwa Grisi, wamezoea kuitwa.

"Mkono wangu," akasema. "Nilikaza nikiwa na hasira. Halafu nikatia rangi ya mama yako juu yake."

Binti alimtazama. Pengine alikuwa anaihesabu ajira iliyokwenda na kilima cha mwisho. Hakusema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alikirudisha kikombe usoni, akafumba macho, na mkono wake ukabaki pale ulipokuwa, juu ya shuka, karibu na wa baba yake. Haukusogea kuja, haukusogea kwenda.

Kabla ya kwenda kujinyoosha, Grisi aliurudisha mlango wa stoo. Akalirudisha komeo, akazirudisha nati, akazikaza kwa vidole, kisha kidogo tu kwa spana, akisikiliza. Kile kichupa kilikuwa mfukoni mwake, alikitia humo pale uani alipokuwa anakagua gurudumu. Mkono ulikifungua wenyewe kwa mazoea, ukadondosha tone juu ya nati ya kwanza na tone juu ya nati ya pili. Akalala kwenye benchi. Lilikuwa gumu kama alivyolikumbuka.

Asubuhi mashindano yalipita kwenye barabara ya nyuma ya wodi. Ilisikika filimbi, kisha minyororo mingi kwa pamoja, kama mvua inayopita bila kunyesha. Binti alikuwa macho. Alisikiliza mpaka ikaisha, akageukia ukutani, na pumzi zake, Grisi alizifuatilia moja moja, zilifika chini.

Baadaye kidogo mganga mkuu akaingia ukumbini na begi lake la semina. Alikuwa mzee kuliko Grisi alivyomhifadhi kichwani, na alichechemea. Alitoa ufunguo, akalishika kufuli, akasita. Akakwangua kitu kwa ukucha.

"Nani kapaka hii?"

Muuguzi aliyekuwa anakunja shuka akaendelea kukunja. Grisi akasimama kutoka kwenye benchi. Hotuba yake alikuwa nayo miaka yote, ndefu, yenye jina la marehemu katikati, na hakuna usiku ambao hakuitengeneza. Akaitafuta. Alichokipata ni spana.

"Mimi," akasema, akamnyooshea. "Namba kumi na tatu. Ukisafiri tena, iache hapa."

Mganga mkuu hakuipokea. Aliitazama spana, akalitazama komeo, zile nati mbili upande wa nje, na damu ikampanda usoni polepole mpaka masikioni. Mkono wa Grisi ulikaa hewani, haukurudi.

Muuguzi akaja, akaichukua, akaifuta kwa pembe ya aproni yake, akaitia mfukoni.